KAZI HUKATIKA, MKONO HAUKATIKI

(Hotuba iliyosemwa mjini Tanga mbele ya wafanyakazi waliopunguzwa kazini)



Tumekusanyika hapa leo kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini, tena mlango ukiwa umefungwa. Jambo lenyewe ni barua. Mtu ameamka asubuhi, amekwenda kazini kama ilivyo desturi yake, na kabla ya saa sita mchana amepewa barua ya kumwambia kwamba kazi yake imekwisha. Hakuiba, hakupigana, hakuchelewa. Ameambiwa tu kwamba fedha hazitoshi, au mradi umefungwa, au kazi yake sasa yafanywa na mashine, na kwamba anashukuriwa kwa utumishi wake mwema.

Hatukuja hapa kuomboleza. Maombolezo yana siku zake, na siku zake zikipita watu huanua matanga, wakarudi mashambani. Tumekuja kusema mambo matatu. La kwanza, kupunguzwa kazini si aibu ya mtu. La pili, aliyepunguzwa ana haki zake, na haki hizo zina saa. La tatu, na hili ndilo kubwa, aliyekatikiwa na kazi asikae kuingojea kazi ile ile irudi, bali aanze nyingine kwa kile kilichobaki mkononi mwake.

KUPUNGUZWA SI KUFUKUZWA

Kwanza hatuna budi kutenga maneno mawili yanayochanganywa sana mitaani. Kufukuzwa ni jambo moja, na kupunguzwa ni jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayatenga. Mtu anayefukuzwa kwa kosa huulizwa yeye juu ya mwenendo wake. Lakini kazi zikipunguzwa, anayepaswa kuulizwa ni mwajiri: Kwa nini wapunguza? Je, ulitafuta njia nyingine? Hawa umewachagua kwa kipimo gani? Basi ikiwa sheria yenyewe haimwekei lawama aliyepunguzwa, kwa nini jirani amwekee? Tena kwa nini yeye mwenyewe ajiwekee?

Watu wa Tanga wanalijua jambo hili kuliko wengine, kwani mji huu na mashamba yake yamekwisha kuliona. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba makubwa ya Ngomeni, Muheza, Korogwe na kwingineko, na watu wakaja kukata mkonge kutoka pande zote za nchi. Kufika mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mavuno yake yalipita tani 200,000 kwa mwaka. Halafu zikaja kamba za plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakaanza kumezwa na pori, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka mzima hayakufika hata tani 30,000.

Sasa twauliza: maelfu ya watu waliokuwa wakikata, wakifunga na kupakia mkonge ule, kosa lao lilikuwa nini? Je, walikuwa wavivu? Mkata mkonge wa Ngomeni hakuvumbua plastiki. Aliamka alfajiri na panga lake kama jana na juzi, lakini mahali pa mbali asipopajua, watu asiowajua walikuwa wamekwisha kuiua kazi yake.

Tena msidhani mambo hayo ni ya wazee peke yao. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Hazikupita siku nyingi, miradi katika nchi nyingi, na yetu ikiwamo, ikaandikiwa isimamishe kazi. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafikia mwisho wa shughuli zake. Wako vijana waliokuwa wakizunguka vijijini kuwatazama wagonjwa wa UKIMWI na kifua kikuu, wakiandika madaftari, wakiendesha magari ya dawa. Sahihi moja tu iliyotiwa ng'ambo, na kazi yao ikakoma. Je, hapo aibu ni ya nani?

Twalisema jambo hili kwa kirefu kwa sababu aibu ina gharama. Ni aibu inayomfanya mtu aage nyumbani kila asubuhi amevaa shati la kazi, akashinde chini ya mwembe mpaka jioni, huku mkewe akiendelea kukopa dukani kwa kutumaini mwisho wa mwezi. Ni aibu inayomfanya dada zetu waiche barua chini ya kitanda, wakaendelea kupeleka fedha kwa wazee kama zamani mpaka akiba ikaisha. Na wakati wote huo saa ya haki inakwenda.

HAKI INA SAA YAKE

Sasa tusikilizane vizuri hapa, maana haya yafaa kuandikwa katika daftari.

Mwajiri anayetaka kupunguza watu halazimiki kumweka kila mtu milele. Lakini sheria yamtaka atoe taarifa mapema kwamba ana nia hiyo, aeleze sababu na habari zote zinazohusu jambo hilo, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Washauriane kama kweli upunguzaji unalazimika, kama yako yanayoweza kuuepusha au kuufanya mdogo, watu watachaguliwa kwa njia gani, lini, na watalipwa nini. Barua inayoanguka mezani kama nazi, bila neno lolote kutangulia, ni barua ya kuulizwa.

Aliyekuwa akilipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe fedha badala yake. Anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi na fedha ya likizo asiyoichukua. Anastahili cheti cha utumishi. Ikiwa aliajiriwa mahali pengine akaletwa hapa, anastahili kurudishwa alikotoka pamoja na mizigo yake, au alipwe nauli hiyo.

Kisha kuna kiinua mgongo. Aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi huhesabiwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, mpaka miaka 10. Tufanye hesabu pamoja kama darasani. Aliyefanya kazi miaka 6 atahesabiwa siku 42. Aliyefanya miaka 10 atahesabiwa siku 70. Na aliyefanya miaka 20? Naye ni siku 70, kwani sheria imeweka mpaka pale kwenye miaka 10, ila kama mkataba wake au mapatano ya chama chake yanampa zaidi. Basi kila mtu ajue mapema: fedha ile ambayo watu huiota kama mlima, kwa kiwango cha sheria haifiki hata mshahara wa miezi mitatu.

Waliokuwa wakichangia mfuko wa hifadhi ya jamii wana jambo jingine la kuuliza. Sheria ya mwaka 2018 iliweka fao la kukosa ajira kwa aliyeachishwa bila kuacha kazi mwenyewe. Mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Theluthi ya mshahara si mshahara, lakini ni unga ndani ya nyumba. Nendeni ofisini mkaulize, mwende na barua na kitambulisho, msitume mtu.

Na sasa saa yenyewe. Anayeona kwamba ameachishwa isivyo halali hupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30, ndugu zangu! Si miezi mitatu, wala si mpaka mvua ziishe. Aliyechelewa hana budi kuomba aongezewe muda na kueleza kwa nini alichelewa, na neno la "niliona aibu" si sababu yenye nguvu. Ndiyo maana tulianza na aibu. Anayemaliza siku 30 chini ya mwembe amewapa wengine haki yake bila wao kuiomba.

Jambo la mwisho katika haya: usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Ukiambiwa "weka sahihi hapa upate fedha zako," omba nakala, nenda nayo nyumbani, msomee mwenzako kwa sauti. Karatasi ya haki haiogopi kulala usiku mmoja nje ya ofisi.

MADAI HAYAPIKWI CHUNGUNI

Lakini kudai ni kazi moja, na kuishi ni kazi nyingine. Hapa twaomba mtusikilize kwa makini, kwani ndipo wengi hukwama.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Jumuiya ile ilikuwa mwajiri mkubwa: reli, bandari, posta na simu, ndege. Watu waliojiona wako katika kazi imara kuliko zote Afrika Mashariki wakaamka wakakuta mwajiri wao hayupo tena. Kenya, Uganda na Tanzania zilichukua miaka 7 kupatana juu ya kugawana mali na madeni, mpaka mwaka 1984. Na madai ya waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya hapa kwetu yalikuwa bado yako mahakamani Dar es Salaam katika miaka ya 2000. Hesabuni wenyewe. Aliyekuwa na umri wa miaka 35 siku Jumuiya ilipovunjika alikuwa amekwisha kupita 60, bado adai.

Hatuwalaumu wazee hao hata kidogo. Walikuwa na haki ya kudai, na walifanya vema kutokuacha. Lakini fikirini tofauti iliyoko baina ya watu wawili. Mmoja alidai huku akijifunza kazi nyingine, akalea watoto wake, na fedha ilipokuja ikamkuta mtu anayejitegemea. Mwingine alidai tu. Madai hayapikwi chunguni. Mtoto haambiwi, "Lala na njaa, kesi yetu itatajwa mwezi ujao." Peleka shauri lako, weka risiti zako, hudhuria siku unayoitwa, lakini siku nyingine zote ziwe za kazi mpya.

Hata mkonge wenyewe unatufundisha hivyo. Mkonge umerudi, ndiyo. Ukienda Korogwe leo, huko Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi, utawakuta wakulima wadogo wenye vipande vyao vya mkonge na vyama vyao vya ushirika katika ardhi iliyokuwa ya mashamba makubwa. Lakini tazameni umerudi namna gani. Umerudi baada ya miaka mingi, tena kwao haukurudi kuwa ajira ya kibarua anayehesabiwa mzigo kwa mzigo, umerudi kuwa kilimo cha mtu mwenyewe. Kazi ile ya zamani haikurudi kama ilivyoondoka. Aliyekaa kambini akingojea kengele ya shamba ilie kama zamani angelingoja mpaka leo.

KILICHOBAKI MKONONI

Mtu atauliza: "Maneno ni mazuri, lakini tuanze na nini? Mimi nilikuwa karani, sijui jingine." Twamjibu: huko ni kuchanganya kiti na ujuzi. Kiti ni cha mwajiri, nacho kimebaki kwake. Ujuzi umeondoka nao wewe mlangoni, na hakuna mlinzi aliyeweza kuupekua.

Tuseme habari zetu wenyewe. Tulikuwa walimu 14 katika shule moja ya binafsi, ambayo hakuna haja ya kuitaja. Wengine wetu ndio kwanza tulikuwa tumetoka chuo cha ualimu, chaki ya kwanza haijatuisha mkononi. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Shule ya binafsi huishi kwa ada, na ada ikasimama. Mwezi wa nne hapakuwa na mshahara. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, watoto waliorudi walikuwa wachache, na walimu walioitwa walikuwa 8. Sita hatukuitwa.

Jirani zetu wa Kenya walikaa zaidi, kwani shule zao hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2021. Huko Mwea shule moja ya binafsi iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku, na uwanja ukapandwa mboga. Wako waliocheka kusikia kuku wako darasani. Sisi hatukucheka, kwani tulijua kwamba mwenye shule yule alifanya alilopaswa kufanya: alitazama alicho nacho, wala hakukitazama kilichomtoka.

Basi sisi sita tulikaa kitako tukachukua daftari, tukaandika. Hatukuandika "mwalimu", kwani neno hilo lilikuwa ni kiti. Tuliandika mambo ambayo mwalimu huyafanya kila siku: kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi, kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, kutunza daftari la mahudhurio na la alama bila kukosea, kupanga kazi ya wiki 12, kuwaongoza watu 50 wasiotaka kuongozwa. Kisha tukaulizana: nje ya shule, ni nani huyahitaji mambo haya akakubali kuyalipa?

Majibu yalikuja, tena mengine hatukuyatazamia. Mmoja aliona kwamba vikundi vya kuweka na kukopa mtaani kwake vinagombana kila mwezi kwa sababu hesabu haziandikwi sawasawa. Akawa mwandishi wa vikundi vitatu, akilipwa kidogo na kila kimoja. Wa pili aliingia katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alitaka mtu wa kuhesabu mabati na kumweleza mteja saruji ngapi zamtosha, na hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Wawili walifundisha watoto jioni. Wa tano alikwenda kujifunza ushoni, nasi tutarudi kwake. Wa sita alishika jembe kwa babaye Lushoto, akalima karoti na kabichi, na ile desturi ya kupanga kazi ya wiki 12 ikamfaa katika kitalu kuliko ilivyomfaa darasani.

Hatusemi kwamba wote walipata kama zamani. Wawili walipata pungufu kwa muda mrefu, na mmoja alihama chumba akaenda kwenye kodi ndogo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekaa bure, na hakuna hata mmoja aliyeanza kutoka sifuri. Kila mmoja alianza na kitu alichotoka nacho.

Fanyeni hivyo hivyo. Dereva wa mradi asiandike "dereva", aandike: najua njia za wilaya nzima, najua gari linapougua kabla halijazima, najua kufikisha dawa kabla barafu haijayeyuka. Mhudumu wa afya aandike: najua kuingia nyumba ya mtu nikapokewa, najua kutunza siri, najua kujaza takwimu. Mlinzi, mpishi, mpiga chapa, kila mmoja na aandike. Anayeona hajui kuandika na amwite mwanawe amwandikie, ili mtoto naye apate kujua kwamba baba yake ana mambo mengi ayajuayo.

FEDHA YA MWISHO

Sasa juu ya kiinua mgongo. Fedha hii ina maadui watatu. Adui wa kwanza ni sherehe, pamoja na ndugu wanaofika wakiwa na shida zao siku ile ile. Adui wa pili ni kuiga. Mtu amemwona mwenzake ananunua pikipiki ya kubeba abiria, naye ananunua. Kesho yake wako 30 kijiweni na abiria ni wale wale. Adui wa tatu ni ulimi mtamu wa anayeahidi kuizalisha fedha mara mbili kwa mwezi mmoja. Huyo msimpe hata kiti cha kukalia.

Shauri letu ni hili. Siku ya kwanza, mume na mke wakae pamoja, au mtu na wazazi wake, waandike matumizi yasiyoepukika ya mwezi: chakula, kodi, dawa, shule. Waangalie fedha iliyopo italisha miezi mingapi. Sehemu hiyo ikae pembeni, isiguswe na biashara yoyote. Kinachozidi ndicho mtaji. Na mtaji huo usiingizwe wote siku moja katika kazi ambayo mtu hajapata kuifanya hata wiki mbili. Anayetaka kuuza samaki akae kwanza na muuza samaki, ajue saa ya mnada, ajue barafu yala fedha kiasi gani, ajue wanaokopa na wasiolipa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na anayelimwaga kwa mara moja hulimaliza mapema zaidi.

Wanaotaka mtaji zaidi wasikimbilie mikopo ya riba kali. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo hufuata masharti, na vijana na akina mama huipata wakiwa katika vikundi. Hapo penye watu kumi waliopunguzwa siku moja, kikundi kimekwisha kupatikana. Kilichobaki ni katiba, daftari, na kuaminiana. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mkaulize.

KUWA MWANAFUNZI TENA

Tulisema tutarudi kwa yule mwenzetu wa ushoni. Alikwenda kwa fundi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minne, mtu aliyeacha shule darasa la saba. Miezi ya kwanza hakukabidhiwa mkasi. Alifagia vitambaa, alipiga pasi, alishona vifungo. Fundi alimwita "mwalimu" mbele ya wateja, na alipokosea alimwambia "fumua." Alifumua. Leo ana cherehani yake mwenyewe, hushona sare za shule, na mikononi mwake wako wanafunzi wawili ambao nao huambiwa "fumua."

Huu ndio mlango mwembamba wa kuanza upya, na wengi hugeuka hapa. Fedha si kikwazo kikubwa kama cheo. Mtu aliyeitwa "Bwana Ofisa" miaka 15 aona uchungu kuambiwa "shika hapa" na kijana wa miaka 22. Lakini ndugu, kijana yule hakudharau cheo chako. Cheo chako hakimo katika kazi yake, ndiyo maana hakioni. Ukimheshimu kama mwalimu wako, utaijua kazi. Ukishindana naye, utabaki na cheo kisicho na ofisi.

Wanaotaka kujifunza kwa cheti, viko vyuo vya ufundi stadi vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Tena wale waliojifunza kazi mtaani bila kukaa darasani waweza kupimwa wakapewa cheti cha ujuzi walio nao. Mpiga rangi wa miaka 20 hana haja ya kuanza kama mtoto. Apimwe, apate karatasi, aweze kuomba kazi kubwa.

ALIYE KAZINI NA ALIYE JIRANI

Twamaliza kwa maneno mafupi kwa wale ambao hawakupata barua.

Kwa aliye kazini: barua ya mwenzako isome kana kwamba ni yako. Weka nyumbani nakala ya mkataba wako na hati za mshahara. Uliza mara mbili kwa mwaka kama makato yako yanafika kwenye mfuko, kwani wako waliokatwa kila mwezi na michango haikufika. Jiunge na chama cha wafanyakazi kabla ya shida, kwani mtu hachimbi kisima nyumba ikiwa inaungua. Na jifunze kazi ya pili ungali na mshahara wa kazi ya kwanza.

Kwa jirani na ndugu: aliyepunguzwa msimhoji kila siku, "Umepata?" Neno hilo, hata likisemwa kwa wema, huchoma. Mpeni kazi iliyopo, hata ndogo, nanyi mmlipe. Mkimtuma aandike barua, mlipeni. Mkimwita atengeneze taa, mlipeni. Msiseme "huyu yuko bure tu, atusaidie." Yeye hayuko bure, yuko katika kazi ya kutafuta kazi, nayo ni ngumu kuliko nyingi zenye mshahara. Na mwenye duka anayemkopesha akubali kumwambia kweli deni lake limefika wapi, asilifiche mpaka liwe ugomvi.

Basi, kabla hatujatawanyika, kila aliyepewa barua ndani ya siku 30 hizi abaki nyuma. Ziko meza mbili. Meza ya kulia watakaa wanaojua kusoma mikataba, muwaonyeshe barua zenu na tarehe zake. Meza ya kushoto yana daftari na kalamu, na hapo tutaandika pamoja, mmoja mmoja, yale ambayo mkono wa kila mtu unayajua. Wanaohitaji meza zote mbili waanze na ya kulia, kwa maana ile ndiyo yenye saa. Lakini wasiondoke bila kupita ya kushoto.